Pete ya Nyuma ya Lenzi na Harusi ya Shishiyu

Juzi binti mmoja aitwaye Sayi, anayesimamia kurusha ibada mtandaoni katika kanisa moja hapa Bariadi, alinipigia simu. Kanisa lao limepewa kamera kubwa ya kubeba begani, ya zamani kidogo lakini nzima, pamoja na lenzi mbili. Wamebadilisha lenzi, na sasa mchungaji akivutwa karibu anaonekana hadi vinyweleo vya kidevu. Wakirudi nyuma waonyeshe kanisa zima, waumini wote wanakuwa kama wamemwagiwa maziwa.

"Babu," akasema, "tumepangusa, tumezima, tumewasha, tumeomba. Hakuna kitu."

Nilicheka kidogo, halafu kicheko kikaniishia, kwa sababu maneno yale yale niliwahi kuyasema mimi, na sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi kazini. Nimemwambia nitakwenda, lakini ninyi wengine mnaobeba kamera hapa Simiyu ngoja niwaandikie, maana naona hizi lenzi za kubadilisha zimerudi kwa mtindo mwingine na ugonjwa wake umerudi nazo.

Mimi ni mpiga picha za video mstaafu. Bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na mke wangu Limi husema ukinitazama kwa nyuma utadhani kamera bado ipo. Tulikuwa na studio yetu karibu na soko, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Mimi nilishuti, Limi aliediti. Yeye ndiye aliyekuwa na subira. Mimi nilikuwa na mdomo.

Lenzi yangu ya kwanza iliharibiwa na pamba. Sisemi pamba kwa ubaya, imenisomeshea watoto. Ila msimu ukifika, ule unyoya mwepesi unaingia kila mahali, na ukichanganya na vumbi la barabara ya Nkoma, zumu, ile ya kuvuta picha karibu, ikaanza kukwama katikati kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Nikaenda Mwanza kwa muuza vifaa vilivyotumika, nikamwachia ile mbovu, akanipa nyingine, pana kuliko ya kwanza. Nikamuuliza kama itakubali kwenye kamera yangu. Akaichukua, akaizungusha pale mbele, ikalia *ka!*

"Umesikia?" akasema. "Imeingia."

Kweli iliingia. Kosa langu ni kwamba nilidhani kuingia ndiko kukaa.

Kazi ya kwanza ya lenzi ile ilikuwa Nkoma, wakulima wakipima pamba nje ya ghala la ushirika. Jua la saa sita, picha safi, karibu safi, mbali safi. Limi mwenyewe akasifu. Nikaenda kifua mbele hadi Jumamosi ya harusi ya Shishiyu.

Niwaeleze kwanza harusi yenyewe ilikuwa ya nani, ili mjue niliharibu nini. Aliyenikodi ni mama mmoja aitwaye Minza, aliyekuwa akimwoza binti yake. Mama yake Minza aliitwa Kulwa, bibi wa bibi harusi. Na palipo na Kulwa mnajua pana Doto. Walikuwa pacha wa kufanana, wa kufanana kabisa, hadi namna ya kukunja shingo. Kulwa alibaki Shishiyu. Doto aliolewa Kalemela, huko ziwani. Mume wa Kulwa alipofariki, Doto hakufika mazishini. Wengine walisema taarifa ilichelewa, wengine walisema alikuwa anaumwa, na Kulwa hakutaka kusikia lolote. Alisema: "Pacha haambiwi. Pacha anajua." Basi. Miaka kumi na minane hawakuonana, na Minza aliniambia mapema nisiulize habari za mama mdogo, kwa sababu jina lake halitajwi nyumbani.

Ibada ilianza saa nne. Kanisa lile lilikuwa na madirisha madogo, na bati lilikuwa jipya lakini ndani giza. Nilikuwa mbele, nimevuta karibu mkono wa bibi harusi, pete inaingia kidoleni, picha kali kama wembe. Nikasikia kina mama nyuma yangu wanaguna. Nikageuza kamera. Mlangoni amesimama mwanamke amevaa kitenge cha sare ya kina mama wa kanisa, na kwa sekunde moja nilichanganyikiwa, kwa sababu mwanamke huyo huyo nilikuwa nimemwona sasa hivi kwenye benchi la mbele.

Alikuwa Doto. Hakualikwa. Amekuja.

Kulwa akasimama. Naye alivaa sare ile ile, kitenge kile kile, kitambaa kile kile kichwani. Padri akanyamaza. Nikafanya alichotakiwa kufanya mpiga picha yeyote mwenye akili: nikarudisha zumu hadi mwisho, ili niwapate wote wawili, huyu kutoka mlangoni na huyu kutoka mbele, wakielekeana katikati ya kanisa. Walitembea polepole. Hakuna aliyeimba. Walipofikiana walisimama, wakatazamana, halafu sikuona nani alianza. Wakashikana, wakazunguka kidogo kama watu wanaotaka kuanguka, na kanisa zima likapiga vigelegele.

Kwenye kile kitundu cha kutazamia niliona picha ni laini kidogo. Kitundu chenyewe kilikuwa kidogo, hakina rangi. Nikazungusha fokasi ya mbele, ile pete ya kunolea picha, kushoto, nikazungusha kulia, haikubadilika kitu. Nikasema ni jasho. Nikasema labda ninalia, maana kweli nilikuwa nalia. Nikaacha kamera iendelee.

Jumatatu Limi akaweka kanda. Pete kidoleni, safi. Halafu zumu inarudi, na kadiri inavyorudi, kanisa linayeyuka. Nguzo zikawa moshi. Watu wakawa madoa. Katikati ya madoa, madoa mawili ya rangi moja yanakaribiana, yanakuwa doa moja.

Limi akasimamisha kanda.

"Hao ndio kina nani?"

"Kulwa na Doto."

"Una picha nyingine ya hapo?"

"Sina."

Akanitazama kama mtu anayetazama gunia lililotoboka. "Minza amekwisha piga simu mara mbili," akasema. "Anasema mama yake haulizi keki wala zawadi. Anauliza hapo tu."

Kwa wiki nzima sikuelewa. Nataka mlijue hilo, kwa sababu ninyi mkikosa jibu dakika tano mnarusha kifaa kitandani. Nilipangusa lenzi kwa spiriti. Nilisafisha kichwa cha kusomea kanda. Nilibadilisha televisheni, nikaazima ya jirani. Nilitoka nje, nikapiga picha ya barabara, pana, safi! Nikaingia ndani, nikapiga picha ya kabati, pana, ukungu. Nikatoka, safi. Nikaingia, ukungu. Jirani yangu aliyekuwa akiniona nikiingia na kutoka na kamera akaniuliza kama nimegombana na mke wangu. Mwingine akasema wazi kwamba kamera iliyokataa kanisani si ya kuchezea, nitafute mtu wa kuagua. Sikuenda kwa mtu, lakini siwezi kuwadanganya: siku ya nne niliwaza.

Siku ya tano nilipata jibu langu mwenyewe: ni macho. Nilikuwa nimeanza kusoma gazeti kwa mkono ulionyooka. Nikaona aibu, nikaona na nafuu pia, kwa sababu macho yanapimwa. Nikaenda hospitali, kitengo cha macho. Muuguzi pale aliitwa Bi Saumu, mwenyeji wa Tanga, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Nilimsimulia yote, nikamwambia macho yangu yameharibu harusi ya watu.

Alinipima kwa utulivu. Akaandika. Kisha akaniuliza:

"Hiyo picha yenye ukungu, mkeo aliiona vipi?"

"Ina ukungu."

"Na jirani uliyeazima televisheni yake?"

"Naye aliona ukungu."

"Sasa, kaka yangu, wote hao wanatumia macho yako?"

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka hadi mmoja akaanza kukohoa.

"Miwani ya kusomea unaihitaji, hilo halina ubishi," Bi Saumu akasema. "Lakini ukungu huo hauko kichwani mwako. Hebu njoo hapa dirishani."

Alichukua kioo kimoja cha duara kutoka kwenye sanduku lake la kupimia, akakishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika karatasi nyeupe nyuma yake. Akasogeza karatasi taratibu. Pale kwenye karatasi nikaona dirisha. Dirisha dogo, limepinduka kichwa chini, na nje yake mwarobaini, na kina mama waliokaa chini yake wakining'inia kama popo. Safi kabisa. Halafu akaisogeza karatasi upana wa kidole tu. Dirisha likafa.

"Umeona?" akasema. "Kioo hakijaharibika. Dirisha halijaharibika. Karatasi haiko pahala pake, basi. Humo ndani ya kamera yako kuna kitu kinachofanya kazi ya karatasi, sivyo? Je, lenzi yako mpya imesimama umbali ule inaoutaka?"

Hakuwahi kushika kamera ya video maishani mwake, mama yule. Nami nilikuwa nayo begani miaka kumi na hakuna aliyewahi kunionyesha hilo. Nilimwambia *wabeja*, akaniuliza maana yake, nikamwambia ni asante ya kwetu. Nikakimbia, hata cheti cha miwani alichoniandikia nikakisahau mezani kwake.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi. Nyuma kabisa ya lenzi, karibu na pale inapoingia kwenye kamera, kuna pete nyembamba, nayo imebanwa na kiskurubu chenye kichwa cha kushikia kwa vidole. Mimi nilidhani ni ya kufungia lenzi isidondoke. Nilikuwa nimeizungushia utepe wa gundi ili mtu asiiguse! Pete hiyo ndiyo inayosogeza vioo vya nyuma mbele au nyuma kidogo, upana wa unywele, hadi picha iangukie mahali pake. Wenye kazi huiita bakifokasi. Kila lenzi na kila kamera zina umbali wao. Ukibadilisha lenzi, umewaoza watu wawili wasiojuana. Lazima uwapatanishe.

Na kwa nini juani hapakuwa na tatizo? Jua likiwa kali, airisi, lile tundu la ndani ya lenzi, hujibana likawa dogo sana, na tundu dogo huficha makosa. Ndani penye giza tundu hufunguka lote, na kila kosa linatoka nje. Kwa hiyo ukitaka kujua ukweli wa lenzi, usiipime juani.

Limi alinichorea alama kwenye boksi la sabuni: mistari myeusi mipana inayoanzia pembeni na kukutana katikati, kama spoku za gurudumu la baiskeli. Tukaibandika ukutani, nikarudi hatua nne, tukafunga madirisha pabaki na mwanga hafifu, nikafungua airisi yote. Na bado nilikosea. Nilirudisha zumu kwanza nikarekebisha kwa fokasi ya mbele, halafu nikavuta karibu nikarekebisha kwa pete ya nyuma. Kila nikirudia inazidi kuharibika. Asubuhi nzima ikaisha hivyo, pete mbili zinanizungusha mimi badala ya mimi kuzizungusha.

"Hebu geuza," Limi akasema kutoka nyuma ya pazia, bila hata kunitazama.

Nikageuza. Vuta karibu hadi mwisho, rekebisha kwa fokasi ya mbele hadi katikati ya spoku paonekane. Rudi nyuma hadi mwisho, usiguse ya mbele tena, zungusha pete ya nyuma polepole. Vuta karibu tena, ya mbele. Rudi nyuma, ya nyuma. Mara tatu, mara nne, hadi ukivuta na kurudi picha isitikisike. Kisha kaza kiskurubu, na ukikaza angalia tena, kwa sababu kukaza nako huisogeza. Na msitegemee kile kitundu. Chomeka kwenye televisheni kubwa.

Saa nane mchana spoku zikasimama. Limi akatoka, akaangalia, akasema, "Haya, sasa nenda Shishiyu ukaseme."

Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko lenzi.

Nilikwenda na pikipiki, kamera nimeifunga mgongoni kwa kanga ya Limi. Niliwakuta pacha wawili ndani, chumba chenye dirisha moja, wamekaa kwenye vigoda wanakata viazi vitamu vya kukausha michembe. Doto alikuwa hajarudi Kalemela. Minza akanikaribisha.

"Mwadila, mayu," nikawasalimu, yaani habari za mchana, mama.

"Mwadila, baba," wakajibu pamoja, kwa sauti moja.

Nikawaambia. Sikutafuta maneno. Nikasema lenzi ilikuwa mpya na sikujua kuitengeneza, na pale walipokutana hapaonekani vizuri, ni ukungu. Minza akashika kichwa. Nami, kwa kutaka kujiokoa, nikaongeza: "Ila sasa nimeitengeneza. Kanisa lipo. Tunaweza kwenda hata kesho, mrudie."

Kulwa akaacha kukata. "Turudie?"

"Ndiyo, mayu. Yeye mlangoni, wewe mbele."

Akamtazama ndugu yake. "Unamsikia? Anataka nikusamehe mara ya pili." Akanigeukia na kisu chake mkononi. "Baba, ile ya kwanza tu ilinichosha hadi leo sijapumzika."

Doto akacheka hadi kiazi kikamponyoka. Nami sikujua kama nicheke au niombe radhi upya. Nikauliza kama ninaweza kuwapiga walivyo. Wakasema nipige watu wanaokata viazi kama hicho ndicho ninachokitaka. Nikafungua airisi yote, nikarudi hadi mgongo ukagusa ukuta, nikawapata wote wawili, vigoda, ungo, maganda, mwanga wa dirisha moja. Nikavuta vidole vyao karibu. Nikarudi. Nikavuta. Haikutikisika. Walikuwa wamekwisha nisahau, wanabishana juu ya unene wa vipande, Doto akisema vya Kulwa ni vinene vitaoza, Kulwa akisema watu wa ziwani hawajui viazi, wanajua samaki. Hadi leo sijapiga picha safi kuliko ile.

Nikawapelekea kanda zote mbili. Doto akarudi Kalemela, na baada ya hapo walikuwa wakitembeleana.

Mwaka uliofuata Minza alinipigia. Doto amefariki, wamekwisha mzika, na mama yake anataka kutazama video lakini mashine yao imekufa. Nikaenda na mashine yangu. Kulwa alikuwa amekaa mkekani, amejifunika. Nikaandaa ile kanda ya viazi, kwa furaha ya siri, Mungu anisamehe, kwa sababu nilijua ni kazi nzuri.

"Siyo hiyo," akasema.

"Mayu, anaonekana vizuri kwenye hii."

"Hiyo tunakata viazi. Viazi tulikata tangu wasichana. Weka ile ya siku aliyokuja."

Nikamtazama Minza, Minza akainamisha kichwa. Nikaweka. Pete kidoleni. Kamera inageuka, inarudi, kanisa linayeyuka. Doa mlangoni, doa mbele. Yakakaribiana. Kulwa akasogea hadi uso wake ukawa karibu kugusa kioo cha televisheni. Madoa yakashikana, yakazunguka.

"Simamisha."

Nikasimamisha.

Akaweka kidole. "Mimi ni huyu." Akakiondoa. "Hapana. Huyu." Akatazama tena, kushoto, kulia, kisha akanigeukia. "Baba, wewe ndiye uliyekuwepo na jicho lako. Mimi ni yupi?"

Nilipiga magoti pale kando yake. Nilitazama. Kitenge kimoja, kitambaa kimoja, kimo kimoja, na walikuwa wamezunguka, na sikukumbuka walizunguka mara ngapi. Nilirudisha kanda nyuma nikawafuata tangu mwanzo, mmoja kutoka mlangoni, mmoja kutoka mbele, na kila walipofika katikati nikawapoteza. Mara tatu. Pete moja tu, upana wa unywele, na ningeweza kumjibu.

"Sijui, mayu," nikasema.

Halafu akanipigapiga begani, hili bega lililoshuka.

"Hata mama yetu alikuwa anakosea," akasema. "Iache hapo hapo."